Daftari la watu wa ng'ambo

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka tisa na niliogopa vitu viwili tu: chatu na mwalimu wa hesabu. Kijiji chetu kilikuwa kaskazini ya Mto Kagera, upande wa kwenda Mutukula, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi. Mpaka na Uganda ulikuwa mstari ulionyooka kama kamba ya fundi mwashi, Wajerumani na Waingereza waliuchora kwenye ramani kabla babu zetu hawajaulizwa chochote, na sisi watoto hatukujua hasa unapita wapi. Mama alikuwa na shangazi yake huko upande wa pili. Tulikwenda kumsalimia na kurudi na karanga, bila kujua kwamba tumetoka nchi moja tukaingia nyingine.

Mwisho wa Oktoba tulianza kusikia ngurumo. Ilikuwa majira ya vuli, tukadhani ni radi. Vitabu vinasema majeshi ya Idi Amin yaliingia kwa nguvu zote tarehe 30 Oktoba. Mimi tarehe siikumbuki. Nakumbuka sufuria. Mama alikuwa ameinjika ndizi na maharage, kifuniko cha majani ya mgomba kimeanza kutoa mvuke, mara jirani akapita mbio kwenye uchochoro wa kibanja huku akiita majina ya watoto wake mmoja mmoja. Hakusema vita, hakusema Amin. Aliita majina tu. Mama akanishika mkono, akambeba mdogo wangu mgongoni, tukaondoka na moto unawaka. Mpaka leo, ana miaka zaidi ya 80, ukimuuliza habari za vita ataanza na ile sufuria. "Ilikuwa mpya," atakwambia. "Tuliinunua kwa hela za msimu wa kahawa."

Babu, mzaa baba, alikataa kuondoka. Alikaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu akasema makaburi ya wazee wake yapo hapo kwenye migomba, ataondoka aende kulinda nini. Baba alibishana naye mpaka risasi zikasikika karibu. Tulimwacha.

Njia yote ya kwenda Kyaka ilikuwa watu, ng'ombe, mbuzi, baiskeli zenye magodoro. Nilimwona mwanamke amebeba kuku kichwani ndani ya tenga, na kuku katulia kabisa kama anapelekwa sokoni. Tulivuka daraja jioni. Lilikuwa la chuma, na miguu ya watu wengi namna ile ililifanya litetemeke, nikaona maji kupitia kwenye upenyo nikafunga macho. Siku chache baadaye, tarehe 3 Novemba, askari wa Amin walililipua. Kabla ya hapo, tarehe mosi, redio yao ilikuwa imeshatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni sasa ni ya Uganda, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, pamoja na migomba yetu na sufuria ya Mama na Babu kwenye kiti chake.

Tulipokelewa kwenye madarasa ya shule, kusini ya mto. Wenyeji walituita "watu wa ng'ambo". Hawakutuita kwa ubaya, ila jina lilitukaa. Usiku wa tarehe 2 Novemba watu wazima walikusanyika kwenye redio moja ya mkulima iliyofungwa mpira ili betri zisidondoke, Mwalimu Nyerere akazungumza. Kila Mtanzania wa rika langu anayajua maneno yale matatu: sababu, nia, uwezo. Wanaume walipiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa anazunguka madarasani na wanawake wenzake wakiuliza swali moja tu: "Nani hajavuka?"

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Nilikuwa darasa la tatu na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo nilipewa penseli na daftari la mistari mikubwa, nikakaa kwenye dawati wakati wanawake wa kijiji chetu wananitajia. Fulani mke wa fulani, hajavuka. Watoto watatu wa fulani, walikuwa kwa bibi yao, hawajavuka. Kila baada ya siku mbili tatu mtu alitokea, amezunguka kwenye mafunjo na kuvushwa kwa mtumbwi usiku, na wanawake wakapiga vigelegele, nami nikafuta jina. Karatasi ile ilichakaa kwa kufutwa. Sijawahi tena kufurahia kazi ya kufuta namna ile.

Novemba ni mwezi wa senene. Mwaka ule walianguka wengi, wakajaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, na sisi watoto tuliamka kabla ya jua kuwaokota kama vile hakuna kilichotokea. Tulikaa kibarazani tukinyofoa mbawa na miguu. Wenyeji walitupa chumvi na mafuta kidogo. Mama alizikaanga, akatugawia, yeye mwenyewe hakula hata mmoja. Kwa desturi yetu senene wa kwanza hupelekewa wakubwa wa nyumba wakiwa wamefungwa kwenye jani la mgomba, na mkubwa wetu alikuwa ng'ambo. Alifunga kifungu kidogo, akakiweka dirishani. Kilikaa pale mpaka kikaota ukungu.

Tuliporudi nyumbani mwaka 1979, baada ya jeshi letu kuwafukuza wavamizi na kuichukua Mutukula mwezi Januari, majina 23 yalikuwa bado hayajafutwa. Babu alikuwa wa kwanza. Tulimkuta kwenye migomba, na hilo naomba niishie hapo. Wengine tuliwakuta, wengine hatujawakuta mpaka leo. Ng'ombe hawakuwepo, mabati hayakuwepo, hata milango ilikuwa imeng'olewa. Askari walituambia tusiguse chuma chochote tusichokijua. Mkoa nao ulibadilishwa jina mwaka huo: tuliondoka watu wa Ziwa Magharibi, tukarudi watu wa Kagera.

Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa katika uvamizi ule. Nilipomsomea Mama namba hiyo, miaka mingi baadaye, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Na baba mkwe yumo?"

Sikuwa na la kumjibu.

Mjomba, kaka yake Mama wa kumfuata, alikuwa mgambo. Neno hilo siku hizi watu wanalihusisha na kufukuzana na wamachinga, lakini mwaka ule mgambo ndio waliolijaza jeshi. Jeshi la kudumu lilikuwa dogo. Waliitwa wakulima, makarani wa vyama vya ushirika, polisi, magereza, vijana wa JKT. Mjomba alikuwa anapima kahawa kwenye ghala la ushirika. Alipewa mafunzo ya wiki chache, akapewa bunduki, na zaidi ya bunduki akapewa kreti za mabomu ya mota azibebe mpaka Kampala.

Alirudi mwishoni mwa 1979, amekonda, na shati la jeshi lenye rangi mbili kwa sababu ya kufuliwa bila sabuni. Sabuni zenyewe hazikuwepo. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18, na sisi wa Kagera tulikuwa tumeshafunga mpaka tundu la mwisho. Mjomba alirudi kwenye ghala lake, akaoa, akazaa, akanywa rubisi Jumapili, na kuhusu vita hakusema neno. Tulipomchokoza alisema, "Tulikwenda, tukarudi." Basi.

Kosa la kwanza nililolifanya kwa Mjomba nililifanya nikiwa mwalimu. Nilikuwa nafundisha Kiswahili, nikaona ni jambo zuri kumwalika darasani wiki ya Siku ya Mashujaa, ile ya tarehe 25 Julai. Niliwaandalia wanafunzi maswali ubaoni. La kwanza lilikuwa: "Tueleze ushujaa wako." Mjomba alikuja na koti, akasimama mbele ya watoto 60, akalitazama lile swali ubaoni muda mrefu. Mtoto mmoja wa kiume hakusubiri, akauliza, "Babu, uliua wangapi?"

"Nilibeba makreti," Mjomba akasema.

Darasa zima lilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonea aibu yeye. Nilikimbilia kueleza kwamba kubeba mabomu nayo ni kazi kubwa, kwamba bila wabebaji jeshi haliendi. Nikawatolea na mfano wa Kariakoo, kwamba jina lile limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu maelfu kwa maelfu waliobeba mizigo ya Waingereza na kufa kwa njaa na homa, na leo tunalitaja kila siku tukinunua nyanya bila kumfahamu hata mmoja wao. Somo lilikuwa zuri. Mjomba alikwishatoka nje, amekaa chini ya mwembe anamsubiri mwenye baiskeli.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, ingawa sehemu yake si yangu. Miaka kadhaa baadaye palikuwa na sherehe ya kuwaenzi wapiganaji, sitaitaja ilikuwa wapi. Niliona tangazo, nikamwandikisha, nikamnunulia shati jeupe. Alipanda daladala saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika tulikuta mahema mawili: moja la wageni rasmi lenye viti vya kitambaa na maji ya chupa, jingine la wafanyakazi wa ofisi. Wazee wenyewe, wenye vita vyao, walipangiwa mabenchi juani. Hakuna aliyewakusudia ubaya, najua namna mambo haya yanavyopangwa: aliyeandika orodha ya viti hakuwa na mzee mbele yake. Nilikwenda kuomba, nikaambiwa itifaki haiwezi kubadilishwa. Mjomba alinivuta mkono. "Mwanangu, jua si risasi."

Aliyejua jua vizuri alivumilia jua. Kilichomshinda kilikuwa hotuba. Msomaji alifika mahali akasema kwa sauti ya juu kwamba askari wetu, toka Mutukula hadi Kampala, hawakurudi nyuma hata hatua moja. Makofi yakapigwa. Mjomba akainuka, akaniambia anakwenda kujisaidia, na hakurudi. Nilimtafuta saa nzima. Nilimkuta stendi, amekaa kwenye gogo, shati jeupe amelivua amelikunja vizuri magotini, amebaki na fulana.

"Lukaya tulikimbia," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza Lukaya ni wapi. Ndipo aliponieleza, pale stendi, huku makondakta wakitupigia kelele tupande.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Barabara inapita kwenye kinamasi, mafunjo kulia na kushoto, imeinuliwa kama tuta. Walikuwa wameiteka Masaka tarehe 24 Februari 1979, na kuhusu Masaka nako alikuwa na la kusema: wakazi waliwapokea kwa shangwe, halafu yakalipuliwa majengo, kwa sababu kila aliyeiona Kyaka alikuwa na hasira ya Kyaka. "Tulilipiza kwa nyumba za watu ambao hawakuwa wametukosea," alisema. "Hilo nalo liandike." Kisha wakasonga mbele. Brigedi yao, ya 201, ilikuwa na mgambo wengi, watu ambao hawajawahi kukutana na vita vya ana kwa ana. Jioni ya tarehe 10 Machi jeshi la Amin, likisaidiwa na Walibya waliotumwa na Gaddafi, liliwafyatulia maroketi.

"Yale mambo yanalia kabla hayajafika," Mjomba akasema. "Unasikia kilio, hujui kinakuja kwako au kwa mwenzio. Hakuna aliyesema kimbieni. Niliona migongo ya watu nami nikawa mgongo." Alitupa kreti. Aliingia kwenye mafunjo, maji kifuani, akakaa humo usiku kucha ameshika bua la funjo kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Karibu naye kulikuwa na mtu anahema. Hakumuuliza ni wa upande gani, na yule naye hakuuliza. Kulipopambazuka yule mtu hayupo, na milio ilikuwa imehamia upande wa Kampala: brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka usiku, ikawapiga adui kutokea nyuma yao. Mgambo waliokimbia wakakusanyika, wakarudi barabarani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, waliingia Kampala.

"Nilirudi," alisema. "Wakisema tulikimbia tukarudi, nitakaa kwenye lile benchi mpaka jioni. Wakisema hatukukimbia, basi aliyekuwa kwenye mafunjo ni nani?"

Basi lilijaa likaondoka bila sisi. Aliendelea. Alikuwa na rafiki, kijana wa Singida, walikutana kwenye mafunzo. Kijana yule hakuwa ameiona kahawa ya kutafuna maishani mwake. Kwetu kahawa huchumwa, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikaanikwa mpaka ikakauka, na mgeni akija hupewa punje atafune kabla hata ya kuulizwa habari. Mjomba aliondoka nyumbani na mfuko wake. Usiku wa zamu alimpa rafiki yake ili asisinzie. Mara ya kwanza alitema, akasema ni dawa ya mbuzi. Wiki ya pili alikuwa anaiomba mwenyewe. Zamani wazee wetu walichanjia udugu kwa tunda moja la kahawa: lina punje mbili ndani, kila mmoja alikula moja yenye damu ya mwenzie. Wao hawakuchanja, hapakuwa na nafasi ya mambo hayo, lakini walikuwa wakigawana tunda moja kwa mzaha, na mzaha ukazoeleka.

Jioni ile ya Lukaya yule wa Singida alikuwa mkono wake wa kulia. Asubuhi hakuwepo. Mjomba hakumwona akianguka. "Nilikimbia kushoto," alisema, na hakuongeza kitu.

Nilikuwa nimekaa na mtu huyu zaidi ya miaka 30, nikimsalimia shikamoo na kumletea sukari kila likizo, na sikuwa nimewahi kumuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa hilo. Maswali yangu yote yalikuwa na jibu ndani yake tayari, nikitaka yeye aweke sahihi tu.

Mwaka 2011 tulikwenda Kaboya, yeye na mimi. Kaboya ipo Muleba, kwenye kambi ya jeshi, na huko ndiko walikozikwa askari wetu wa vita vile. Viongozi huenda huko katika maadhimisho, wakaweka mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mishale, mashada ya maua. Sisi tulikwenda siku ya kawaida. Tuliomba ruhusa getini, na askari kijana aliyetupokea, alipojua mzee ni mpiganaji, alimpigia saluti ya nguvu mpaka Mjomba akageuka kuangalia nyuma kuna nani.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alivaa miwani, akaivua, akanipa kazi: "Wewe una macho. Soma." Nikasoma majina. Nilisoma kwa sauti, polepole, kama ninavyoita mahudhurio darasani, na kila jina alilolifahamu aliitikia kidogo kooni, "mh". Kuna ambao aliniambia walivyokuwa: huyu alikuwa mpishi, huyu alikuwa mtani sana, huyu alikuwa na redio. Askari kijana alianza kwa kusimama mbali, halafu akasogea, mwisho akawa anasoma yeye upande wake na mimi upande wangu.

Jina la kijana wa Singida hatukulikuta. Tulikuta linalofanana nalo, herufi moja tofauti, r mahali pa l. Mimi ni mwalimu wa lugha. Nilimweleza Mjomba kwamba makarani hukosea, kwamba r na l huchanganywa sana, kwamba inawezekana kabisa ni yeye. Lakini nikasema pia, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kitu pale stendi, kwamba inawezekana si yeye.

Mjomba alifikiri. Kisha akasema, "Kama si yeye, basi na huyu alikuwa na rafiki." Akatoa mfukoni kijikaratasi, ndani mna tunda moja la kahawa kavu. Alilipasua kwa meno, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa sababu meno yaliyobaki yalikuwa machache. Punje moja akaitia mdomoni. Ya pili akaiweka chini, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikazama kwenye mchanga. Askari kijana alinitazama kuniuliza kwa macho kama hilo linaruhusiwa. Sikumjibu, naye akaangalia pembeni.

Njiani kurudi alizungumza habari za bei ya vanila.

Baada ya safari ile nililitoa daftari la mwaka 1978 kwenye sanduku la Mama. Penseli ilikuwa imeanza kupotea. Nikanunua daftari jipya, gumu, la jalada la bluu, nikaamua kuyaandika upya yale majina 23 kwa kalamu, na safari hii nisiandike jina tu. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja. Ilinichukua miaka miwili. Kila jina lilikuwa na nyumba ya kwenda, na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kusikilizwa. Niliacha kuuliza "alikufaje". Nilianza kuuliza "alipenda kukaa wapi hapa nyumbani", na watu wazima walinishika mkono wakanipeleka: kwenye jiwe la kunolea mapanga, kwenye mlango wa nyuma, chini ya mti wa mbuni mmoja mzee ambao wenye shamba wamekataa kuukata ingawa hauzai. Mama mmoja alinionyesha tu kona ya jikoni, akakaa hapo yeye mwenyewe, tukanyamaza pamoja mpaka nikaaga. Hilo nalo niliandika: kona ya jikoni.

Yupo aliyenifukuza. Alisema majina ya ndugu zake si ya kutembezwa. Nilimwomba radhi. Baadaye alikuja kwa Mama jioni, akasema yaandikwe, lakini yasitoke nje ya daftari. Wengine waliposikia nao wakasema hivyo hivyo. Ndiyo maana hapa sijataja hata moja, wala sitataja. Husomwa mara moja kwa mwaka, wakati wa senene, kwenye uwanja wa Mama, na anayetaka kuyasikia anakaribishwa kuja na kigoda chake. Hakuna jukwaa. Watoto hunyofoa mbawa huku wakisikiliza, na wakizidisha kelele hupigiwa kofi. Zile kuta za kanisa la Kyaka lililopigwa mabomu bado zimesimama, zimeachwa makusudi ziwe ukumbusho, na ni vizuri. Lakini watoto wetu hupita pale kwa bodaboda wakaangalia simu. Kwenye senene hawapiti haraka.

Mjomba alifariki mwaka 2018, kitandani, wanawe wote wakiwa karibu. Waliletwa vijana wawili wenye sare, na nashukuru, ingawa karatasi zake za utumishi zilikuwa zimekwishaharibika na ofisi moja ilikuwa imemzungusha miaka mingi kwa ajili ya karatasi hizo. Mazishini msemaji alitaka kutaja Kampala. Nilimwomba ataje na Lukaya, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi sentensi moja: alikimbia, akarudi. Aliisoma kimya, akanitazama, akaikunja. Lakini aliisema. Wazee wawili waliokuwa wamekaa nyuma, siwafahamu, walivua kofia zao.

Novemba hiyo, jioni ya kusoma, niliuliza kama Mjomba aingie kwenye daftari. Palitokea ubishi mzuri tu. Wapo waliosema hapana, daftari ni la wasiovuka, na yeye alivuka, tena alivuka mara mbili, kwenda na kurudi. Wapo waliosema aandikwe ukurasa wa peke yake. Mwanawe mkubwa alikuwa hajasema kitu. Mama alikuwa anachambua senene, macho yake hayaoni tena vizuri, anachambua kwa vidole. Aliacha tuchoke.

"Mwandike," akasema. "Lakini kwanza acha mstari mmoja juu yake, umwandike yule kijana wa Singida."

Nikamuuliza nimwandike kwa r au kwa l.

"Muda wote huo mnasoma Kaboya hamkuulizana?" Akatingisha ungo, mbawa zikaruka. "Andika zote mbili."

Nikaandika zote mbili.